Panya dume hawezi kumsemea bibi aliyevunjika nyonga

Msuli usiotumika hauchelewi kuanza kupungua. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 12 wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Hawakuwa na homa wala mfupa uliovunjika, na hakuna aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Walipoinuka, kwa wastani kila mmoja alikuwa amepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Sasa mfikirie mwanamke wa miaka 78 aliyeanguka, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, kisha akalala wodini wiki mbili huku maumivu yakimnyima hata hamu ya kula. Huyo hakujitolea kwa utafiti wowote, na msuli aliokuwa nao kabla ya kuanguka ulikuwa tayari umepungua kwa umri.

Takriban robo tatu ya watu wanaovunjika nyonga ni wanawake. Ndiyo sababu kila ninaposoma utafiti kuhusu kukanda misuli iliyodhoofika, jambo la kwanza ninalotafuta ni jinsia ya mnyama aliyekandwa. Tafiti zilizoijenga mwanzoni hoja ya kwamba ukandaji huusaidia msuli kurudi zilitumia panya madume. Naziheshimu tafiti hizo, na nitaeleza kwa nini. Lakini ninaamini kwamba ukandaji hauwezi kupewa nafasi yake halali katika tiba, wala kunyimwa, mpaka majike wakandwe na kupimwa kwa uzito uleule, tena majike wa hali mbalimbali za homoni, si jike mmoja kijana wa kujaza jedwali.

Tuanze na kile kinachojulikana, maana ni cha kuvutia. Katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, Esther Dupont-Versteegden, Timothy Butterfield na wenzao walitengeneza kifaa cha kubonyeza msuli wa panya kwa nguvu inayopimika, kikipanda na kushuka kwa mwendo ule ule kila mara. Mikono ya binadamu haibonyezi hivyo. Mkandaji mmoja hutumia nguvu nyingi, mwingine kidogo, na huyohuyo mmoja jioni huwa amechoka kuliko asubuhi. Kwa kifaa, mtafiti anajua ametoa dozi gani. Sayansi ya ukandaji ilikuwa ikihitaji jambo hilo kwa muda mrefu: dozi inayoweza kuandikwa, kurudiwa na kulinganishwa, kama ilivyo kwa dawa.

Ili kuudhoofisha msuli bila kuujeruhi, maabara hutumia mbinu iliyoanzia kwenye utafiti wa anga za juu wa NASA katika miaka ya 1970. Panya huinuliwa kwa mkia, miguu ya nyuma ikabaki hewani, na ile ya mbele ikaendelea kumtembeza kizimbani. Anakula, anakunywa, anajisafisha, ila miguu ya nyuma haibebi uzito. Msuli wa ndani wa kigimbi, unaofanya kazi muda wote kuuzuia mwili usianguke mbele, ndio unaonyauka haraka kuliko yote. Baada ya wiki mbili panya hushushwa, akaanza tena kutembea kwa miguu minne, na hapo ndipo kipindi cha kupona huanza.

Katika utafiti wa Kentucky uliochapishwa mwaka 2018, panya walioshushwa walikandwa kigimbi kimoja kwa dakika 30, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa muda wa siku nane. Nyuzi za msuli uliokandwa zilikuwa nene kuliko za panya waliotembea tu bila kukandwa. Utengenezaji wa protini zinazoufanya msuli ukaze uliongezeka. Kimeng'enya kinachokaa pale seli inaposhikamana na utando unaoizunguka, ambacho kazi yake ni kupokea habari za mvuto na mgandamizo, kiliamka. Seli za akiba za msuli, zile ziitwazo seli satelaiti, ziliongezeka idadi. Kwa hiyo mgandamizo wa nje ulisomwa na seli na kutafsiriwa kuwa amri ya kujenga.

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Kwa muda mrefu ukandaji umetetewa kwa maelezo dhaifu, hasa lile la kwamba unakamua asidi ya laktiki kutoka kwenye msuli. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 wa kiume kwa baiskeli, wakawakanda mguu mmoja kwa dakika 10, kisha wakachukua vipande vidogo vya msuli kutoka miguu yote miwili. Kiwango cha laktiki hakikubadilika. Kilichobadilika ni ishara za uvimbe, zilizopungua, na ishara za kutengeneza mitokondria mipya (vinu vya nishati vya seli), zilizoongezeka. Maelezo ya zamani yalikuwa na makosa, lakini mikono ilikuwa ikifanya jambo la kweli. Natamani kila anayefundisha wakandaji angelisisitiza hili, kwa sababu anayeitetea kazi yake kwa sababu isiyo sahihi atashindwa siku atakapoulizwa na anayejua.

Utafiti wa Kentucky una matokeo mengine ambayo sijayaona yakijadiliwa inavyostahili. Mguu wa pili, ambao haukuguswa, nao ulinenepa nyuzi na kuongeza utengenezaji wa protini. Mguu mmoja ukakandwa, miwili ikafaidika. Kwa mgonjwa aliyefungwa plasta mguu mmoja, au mwenye kidonda kisichoruhusu kuguswa, hilo ni tumaini la maana sana: huenda mguu usio na tatizo ukawa mlango wa kuufikia ule mgonjwa. Kwa mtafiti ni onyo. Ukikanda mguu wa kulia na kuulinganisha na wa kushoto wa mtu huyohuyo, unadhani una kipimo safi, kumbe huenda kipimo chenyewe kimekwisha kuguswa na tiba. Tofauti ndogo kati ya miguu miwili inaweza kuficha faida kubwa ya mwili wote. Tafiti za binadamu zilizotumia mtindo huo zinastahili kusomwa upya kwa jicho hilo.

Maabara hiyohiyo ilikuwa na uaminifu wa kuonyesha mipaka. Mwaka 2020 walichapisha kwamba kukanda wakati panya bado ananing'inia kuliongeza mzunguko wa kujenga na kuvunja protini, lakini hakukuzuia msuli kunyauka. Mwaka 2021 wakaonyesha kwamba misuli ya panya wazee haiitikii ukandaji kama ya wale wa makamo. Ukiziweka pamoja, tafiti hizi tatu zinasema kwamba ukandaji una faida pale mwili unapoanza tena kubeba uzito, hauwezi kushika nafasi ya kubeba uzito, na uzee unaupunguzia nguvu.

Na hapa ndipo jike anapokosekana.

Ziko tafiti nzuri kabisa za misuli ya majike, ila zimekaa rafu nyingine, ile ya homoni, na rafu hizo mbili hazisalimiani. Mwaka 2006 zilichapishwa tafiti mbili zilizochunguza kupona kwa misuli ya panya jike baada ya kutotumika, kwa kulinganisha wenye ovari na walioondolewa ovari. Wenye ovari walirejesha misuli yao vizuri. Walioondolewa ovari walikwama. Katika moja ya tafiti hizo, waliporudishiwa estrojeni, homoni ya kike inayotolewa na ovari, kupona nako kulirudi. Kumbuka kwamba wote walishushwa chini na kutembea vilevile. Kazi ya miguu ilikuwa ileile, ila msuli mmoja uliipokea amri ya kujenga na mwingine haukuipokea ipasavyo.

Sababu mojawapo ilieleweka zaidi mwaka 2019. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwemo Dawn Lowe, kilionyesha kwamba estrojeni ikiondoka kwa panya jike, seli satelaiti hupungua kwa asilimia 30 hadi 60 kwenye misuli mbalimbali. Sampuli za wanawake zilizochukuliwa kabla na baada ya kukoma hedhi zilielekea upande huohuo. Turudi sasa kwa panya dume wa mwaka 2018: seli zilizoongezeka alipokandwa ni hizohizo satelaiti. Ikiwa sehemu ya faida ya ukandaji hupitia kwenye seli hizo, basi kumkanda jike asiye na estrojeni huenda kukawa sawa na kuleta matofali mahali ambapo nusu ya mafundi wamekwisha ondoka. Au huenda ikawa kinyume: kwa kuwa mafundi ni wachache, kuwahimiza waliobaki kukawa na thamani kubwa zaidi kuliko kwa dume. Dhana zote mbili zinaingia akilini. Panya dume hawezi kutuambia ipi ni kweli, hata akikandwa mara elfu.

Tofauti haziishii kwenye kupona. Utafiti wa mwaka 2021 kutoka Arkansas, Marekani, uliwafuatilia panya wa aina ndogo, wa jinsia zote mbili, tangu siku za mwanzo za kutotumia miguu, na majike walionyesha ishara kali zaidi za uvunjaji wa protini. Kwa binadamu, misuli ya wanawake kwa kawaida ina sehemu kubwa zaidi ya nyuzi za polepole, zile za kusimama na kustahimili, na nyuzi hizo ni miongoni mwa zinazoumia sana mwili unapoacha kubeba uzito. Mwaka 2005 wanawake 24 walijitolea kulala siku 60 mjini Toulouse, Ufaransa, katika utafiti wa mashirika ya anga za juu. Wale ambao hawakupewa mazoezi walipoteza takriban asilimia 21 ya misuli ya mbele ya paja na asilimia 29 ya misuli ya kigimbi. Kundi lililoongezewa protini bila mazoezi halikuokoka. Waliofanya mazoezi ndio waliohifadhi paja. Kwa mwanamke anayeweza kufanya mazoezi, basi, jibu lipo na halihitaji mashine ya kubonyeza. Ninayemtetea hapa ni yule asiyeweza: aliye kwenye mashine ya kupumua, aliyezuiwa kukanyagia mguu kwa wiki sita, au ambaye moyo wake haumruhusu.

Kwa nini majike waliachwa nyuma? Sababu iliyotolewa kwa vizazi vya watafiti ni mzunguko wa homoni. Panya jike ana mzunguko wa siku nne hadi tano, na ilidhaniwa kwamba kupanda na kushuka huko kungevuruga kila kipimo. Dhana hii ilikaa miaka mingi bila kupimwa. Ilipopimwa, haikusimama. Mwaka 2014 Brian Prendergast na wenzake walipitia makala 293 na kukuta kwamba vipimo vya panya majike wa aina ndogo, hata bila kufuatilia siku za mzunguko wao, havikutawanyika kuliko vya madume. Mwaka 2016 ikaonekana vivyo hivyo kwa panya wa maabara wa aina kubwa. Madume nao wana misukosuko yao: waweke pamoja kizimbani, wapigane kupata mkubwa, na homoni zao zitatofautiana kwa kadiri ya cheo. Hakuna aliyewahi kusema tuwaache madume kwa sababu hiyo.

Gharama ya kuacha jinsia moja inajulikana. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Mwaka 2013 ndipo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipoagiza dozi ya kuanzia ya wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa ilibaki mwilini mwao hadi asubuhi na kuwaweka hatarini barabarani. Zaidi ya miaka 20 wanawake walikunywa dozi isiyowafaa. Ukandaji hauna sumu ya namna hiyo, nakubali. Lakini tiba inayomlaza mgonjwa kwa saa na saa za mtaalamu huku haimsaidii, au inayonyimwa mgonjwa ambaye ingemsaidia, inamgharimu siku za kupona ambazo haziwezi kurudishwa.

Sera zimebadilika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 iliamuru wanawake waingizwe kwenye majaribio ya tiba yanayofadhiliwa na taasisi za taifa za afya. Kwa wanyama ilibidi kungoja hadi Januari 2016 ndipo taasisi hizo zilipoanza kumtaka kila mwombaji wa fedha aeleze jinsia ya wanyama wake na sababu ya kuichagua. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta kwamba tafiti za kibiolojia zilizotumia jinsia zote mbili zilipanda kutoka asilimia 28 mwaka 2009 hadi 49 mwaka 2019. Habari njema, ila tathmini hiyohiyo ilionyesha kwamba katika nyanja nyingi uchambuzi wa matokeo kwa jinsia haukuongezeka. Majike waliingizwa chumbani, data zao zikachanganywa na za madume, wastani ukatolewa, na tofauti ikafutika kabla ya kuonekana. Heri utafiti wenye majike peke yao, unaosema wazi nini kiliwapata, kuliko mchanganyiko wa aina hiyo.

Ndiyo maana ninalipokea kwa mikono miwili kila jaribio linalochunguza ukandaji na kupona kwa misuli kwa majike. Naomba tu lisomwe kwa uangalifu. Likifaulu kwa panya jike kijana mwenye ovari zake, hatujathibitisha lolote kwa mwanamke wa miaka 78. Likishindwa, hatujathibitisha kwamba ukandaji haufai kwa wanawake, maana panya jike kijana hupona vizuri kwa kutembea tu, na aliyekwisha kupona hana nafasi ya kuonyesha faida ya ziada. Wala kutumia panya jike mzee hakutoshi. Panya hakomi hedhi kama binadamu. Anapozeeka mzunguko wake huharibika, lakini ovari zake huweza kuendelea kutoa estrojeni kwa kipindi kirefu. Anayetaka kumkaribia bibi wa wodini anahitaji walau makundi matatu: jike kijana mwenye ovari, jike mzee, na jike aliyeondolewa ovari, huyu wa mwisho akiwa na ndugu zake waliorudishiwa estrojeni. Na kila kundi liwe na wenzao wasioguswa kabisa, mguu wowote, kwa sababu ya lile jambo la faida kuvuka upande wa pili.

Unene wa nyuzi pekee nao haunitoshi. Nyuzi zinaweza kunenepa bila nguvu kuongezeka sawasawa. Nataka kuona nguvu ya kukaza, uchovu, na hali ya utando unaozishika nyuzi, ambao kwa mwili mzee huwa mgumu na pengine ndio unaozuia mgandamizo usifike kwenye seli. Ikiwa hilo ndilo tatizo, basi mzee hahitaji kuachwa, anahitaji dozi nyingine: nguvu nyingine, muda mwingine, au kuanza mapema zaidi.

Kuna mnyama jike mwingine ambaye hangoji maabara. Ng'ombe wa maziwa anapoanguka baada ya kuzaa, mara nyingi kwa upungufu wa kalisiamu kwenye damu, uzito wake mwenyewe huiponda misuli na neva za mguu alioulalia. Saa chache zinatosha kumfanya asiweze kusimama hata kalisiamu ikirudishwa. Madaktari wa mifugo hushauri ageuzwe upande mara kwa mara, alazwe pahala laini, asaidiwe kuinuka, na miguu yake isuguliwe na kunyooshwa. Ushauri huo umekaa kizazi baada ya kizazi, lakini sehemu yake ya kusugua hutegemea zaidi uzoefu wa wafugaji kuliko vipimo. Ng'ombe huyu ni jike, yuko katika mojawapo ya vipindi vya mabadiliko makali kabisa ya homoni maishani mwake, na mguu uliolaliwa umepata majeraha juu ya kutotumika. Swali lake si lile la panya aliyening'inizwa, wala la binadamu. Nalo linastahili watafiti wake, kwa sababu ng'ombe asiyesimama kwa kawaida huishia kuchinjwa.

Kwa anayemuuguza mama au bibi leo, yapo yanayoweza kusemwa bila kungoja. Mguu uliolala kwa siku nyingi unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, na kuukanda kunaweza kuling'oa donge hilo likaenda mapafuni. Kigimbi kilichovimba upande mmoja, chenye joto au maumivu mapya, kisiguswe mpaka daktari akione. Kidonda cha mshono kisibonyezwe. Ngozi ya mzee huchanika upesi. Daktari akisharuhusu, wakati wenye maana zaidi, kwa kadiri wanyama walivyotuonyesha, ni ule anapoanza kukanyaga chini tena: akandwe, kisha asimame, hata kama ni kwa dakika mbili akishikilia kitanda. Akikandwa na kurudishwa kulala, mikono imetoa amri ambayo mguu haukupata nafasi ya kuitekeleza. Na mtaalamu wa viungo aulizwe waziwazi: mpango huu wa tiba ulipimwa kwa wagonjwa gani, na wanawake wa umri wake walikuwemo?